Usilipie Mita ya Hewa Kabla ya Kujaribu Rivasi

Nkuhungu, Dodoma
14 Septemba 2025

Mpendwa Baba Neema,

Salamu nyingi kutoka huku. Sisi hatujambo, watoto wamerudi shule, na upepo wa Dodoma unaujua mwenyewe: vumbi linaingia mpaka kwenye sahani.

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Uliposema gari linasita ukikanyaga mafuta kutoka Ipogolo kupanda Iringa mjini, halafu likishachanganya linakwenda kama kawaida, moyo ulinipiga. Huo ndio ugonjwa ulionitesa miezi minne. Na uliposema fundi ameshakupatia mita ya hewa iliyotumika, kile kifaa kinachopima hewa inayoingia kwenye injini, nikaona nikuandikie yote kwa urefu, uende nayo gereji. Tafadhali usilipe kwanza.

Magari yetu ni pacha, Eunos Roadster, zile Mazda ndogo za watu wawili, za injini ya lita 1.6, kwa hiyo lililonipata mimi linakuhusu. Langu lilianza Mei. Nikitoka kwenye tuta, gia ya pili, nikikanyaga mafuta gari lilikuwa linatulia kama limeshikwa shati kwa nyuma, linatikisika mara mbili, ndipo linaondoka. Silensa, yaani injini ikinguruma bila kukanyaga mafuta, ilikuwa nzuri. Likiwa limesimama, gia ikiwa huru, ukilipiga resi linapanda safi kabisa. Fundi akasema petroli chafu. Nikabadilisha filta ile ya chini kule nyuma, kisha plagi, kisha waya za plagi, mwisho pampu. Kila spea ilinipa matumaini ya siku mbili. Pampu ndiyo iliyoniuma zaidi, maana tulipokuja kufunga geji tulikuta presha iko karibu bar 3 bila kuyumba, na tulipoirudisha ile ya zamani ili kulinganisha, nayo ikasoma hivyohivyo. Tulikuwa tumeitoa pampu isiyo na kosa.

Mashine ya kupimia haikuwa na pa kuchomeka. Tundu la OBD2, lile la kuchomeka mashine ya kusomea makosa ya gari, lililazimishwa Marekani kuanzia magari ya 1996, na haya yetu ni ya zamani zaidi. Tulisoma namba za makosa kwa taa ndogo kupitia kile kiboksi cha chini ya boneti, hakukuwa na kosa hata moja. Mimi nikachukulia kwamba upande wa umeme na hewa uko salama. Nilikosea. Kontroo boksi, ile kompyuta ya injini, hulalamika kifaa cha kupimia (sensa) kikikatika. Hewa iliyopita pembeni ya mita haiioni, itaisemaje?

Sasa sikiliza kilichofungua fumbo. Jumamosi moja nilikuwa natoa gari uani kwa rivasi. Pale langoni kwetu pana kimwinuko, unapanda kinyumenyume. Nikakanyaga, likapanda bila kusita. Nikashangaa. Nikaligeuza, nikapanda kimwinuko kilekile kwa gia ya kwanza: likajikwaa. Nikarudia mara tano, sita, mke wangu akatoka kuuliza nimepatwa na nini. Kila mara jibu lilikuwa moja. Mbele linasita, nyuma halisiti.

Petroli haijui gari linaelekea wapi. Plagi haijui, pampu haijui. Kinachobadilika ni injini yenyewe: ukivuta mbele inalalia upande mmoja juu ya mipira yake ya kushikilia, ukivuta nyuma inalalia upande wa pili. Basi kulikuwa na kitu kinachofunguka injini ikilala upande mmoja na kujifunga ikilala upande mwingine. Ndiyo maana hata kupiga resi gari likiwa limesimama hakukuonyesha kitu. Bila mzigo injini hailali kiasi hicho.

Fungua boneti uangalie. Mita ya hewa imefungwa kwenye bodi pamoja na ea klina, ile ya kuchuja vumbi. Koo la hewa, lile linalofunguka ukikanyaga mafuta, limefungwa kwenye injini. Katikati kuna ule mpira wenye mikunjo, na mikunjo hiyo ipo ili injini iweze kutikisika bila kuvunja kitu. Mpira wa zaidi ya miaka thelathini, joto la injini na ukavu wa huku, unakauka kama ngozi ya mbuzi. Nilipoutoa nikaukunja kwa mikono, ufa ukafunguka ndani ya mkunjo, upande wa chini ambako jicho halifiki, wa urefu kama kidole cha mwisho. Ukiuachia unajifunga, huuoni tena. Na ndani, kuanzia kwenye ufa kuelekea kwenye koo, kulikuwa na mstari wa vumbi jekundu. Vumbi la Nkuhungu, limeingia bila kupita ea klina. Hilo lilinihuzunisha kuliko pesa za pampu, maana hilo ndilo linalosaga injini.

Mita hii hupima kwa kibao kinachosukumwa na hewa, na kontroo boksi inamwaga petroli kulingana na kibao kilivyofunguka. Uwiano mzuri ni kilo 14.7 za hewa kwa kilo 1 ya petroli. Hewa ya wizi ikiingia baada ya kibao, mchanganyiko unakuwa mwembamba ghafla, yaani petroli haitoshi, palepale unapohitaji nguvu.

Kwa hiyo Baba Neema, kwanza tafuta mwinuko ujaribu rivasi. Kisha toa mpira wote, uukunje kila mkunjo kwenye mwanga. Ukiona ufa, ukaushe, uufunge kwa utepe au mpira wa tyubu ya baiskeli na klampu, uendeshe. Hicho ni kipimo tu, siyo tiba. Likiacha kusita, mgonjwa umempata. Angalia pia kijiti cha kupimia oili na kifuniko cha kumwagia oili, navyo visipokaa sawasawa vinaingiza hewa.

Usipoona ufa, ndipo ushuku mita. Washa swichi bila kuwasha injini, sukuma kibao polepole kwa kidole. Pampu inapaswa kulia, maana swichi yake imo humo. Kwa multimita, kile kipimo cha umeme, namba ziende taratibu bila kuruka kadiri unavyosukuma kibao. Lakini fundi asifungue kile kifuniko cheusi na kugusa gurudumu la meno lenye springi. Akilizungusha, kipimo cha kiwandani kimepotea, na hapo utalazimika kununua mita kweli. Waya za plagi ziangalie usiku kwenye giza, injini ikiwaka. Ukiona cheche za buluu zinaruka, badilisha.

Mimi nilifunga mpira wa silikoni wenye kipenyo kilekile, na mipira ya kushikilia injini nikabadilisha, ilikuwa imebonyea. Jana nimetoka Mtumba hadi nyumbani, gia ya pili, ya tatu, linavuta kwa mkupuo mmoja. Sijui nikueleze vipi furaha yake.

Kimebaki kipande cha silikoni kinachokutosha. Niambie tu, nitakiweka kwenye basi la Iringa la asubuhi.

Msalimie Mama Neema, na mzee mpe shikamoo yangu. Nipigie ukishajaribu rivasi, hata ikiwa usiku.

Wako,
Baba Tumaini