Kwa Salim, kuhusu injini za ndege za Ujerumani

Ndugu yangu Salim,

Salamu nyingi kwako na kwa wote nyumbani. Barua yako imenifikia, na nimelifurahia swali lako: iliwezekanaje Messerschmitt Bf 109, ndege ya kivita ambayo Ujerumani iliitegemea kuliko zote, ipae mara ya kwanza Mei 1935 ikiwa na injini ya Kestrel iliyoundwa na Rolls-Royce ya Uingereza? Jibu fupi ni kwamba Jumo 210, injini ya kampuni ya Kijerumani ya Junkers iliyokusudiwa, ilikuwa haijawa tayari. Jibu hilo, hata hivyo, halitoshi, kwa maana ucheleweshaji wenyewe ulianza mwaka 1919.

Mkataba wa Versailles, uliofuata Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, uliinyima Ujerumani jeshi la anga, na hata ndege zake za kiraia ziliwekewa mipaka mikali iliyodumu hadi 1926. Kampuni ya BMW, ambayo Juni 1919 injini yake ya silinda sita ilimpandisha rubani Franz Zeno Diemer hadi mita 9,760 hivi, ilijikuta ikitengeneza breki za treni, na baadaye pikipiki. Iliporudi kwa nguvu ilileta BMW VI, injini ya silinda 12 yenye ujazo wa karibu lita 47, ambayo Wasovieti na Wajapani nao waliiunda kwa leseni. Ilikuwa injini ya kutumainika, lakini nzito. Zilipohitajika injini za kupozwa kwa hewa, BMW ilinunua leseni ya Hornet kutoka Pratt & Whitney ya Marekani, na humo ikazaliwa BMW 132 iliyoivuta Ju 52, ndege ya Junkers ya abiria na mizigo.

Kwangu mimi, kazi bora ya kipindi hicho chote ilifanyika katika mji wa Dessau, Ujerumani, kwa mhandisi Hugo Junkers. Injini yake ya dizeli, Jumo 205, ina silinda sita lakini pistoni 12: katika kila silinda pistoni mbili hukimbiliana kama viganja vinavyopiga makofi, zikiibana hewa katikati hadi iwe na joto la kuiwasha dizeli inayopulizwa ndani bila plagi yoyote. Mlipuko huzitenganisha, nazo zinaporudi nyuma hufunua matundu ya kutolea moshi upande mmoja na ya kuingizia hewa upande wa pili, kwa hiyo haina valvu hata moja. Krankishafti, yaani mihimili inayogeuza mwendo wa pistoni kuwa mzunguko, ni mbili, moja juu na moja chini, na gia huunganisha nguvu zake kwenye propela. Kwa kuwa ilitumia mafuta kidogo mno, mwaka 1938 ndege ya majini ya Dornier Do 18 yenye injini mbili za aina hii iliruka kutoka Uingereza hadi Brazil, zaidi ya kilomita 8,000, bila kutua. Vitani haikufaa sana, kwani haikupenda rubani anayebadilisha nguvu ghafla. Inaniuma kwamba mwenyewe Junkers alinyang'anywa kampuni zake na serikali ya Wanazi, akafariki Februari 1935.

Ujuzi wa kupima mafuta na kuyasukuma kwa pampu ndani ya silinda, ambao kampuni ya Bosch ilikuwa imeukuza katika injini za dizeli, ulihamia kwenye petroli. Daimler-Benz DB 601 na Jumo 211 hazikuwa na kabureta, kifaa cha kuchanganya petroli na hewa, hivyo hazikuzimika rubani alipoinamisha pua ya ndege kwa ghafla. Silinda za DB 601 zilielekea chini, jambo lililompa rubani nafasi ya kuona mbele, na supachaja yake, yaani pampu ya kushindilia hewa ndani ya injini, iliendeshwa kupitia kiungo cha mafuta kilichobadilisha mwendo wake polepole kadiri ndege ilivyopanda. Aprili 1939 toleo lake maalumu liliifikisha Me 209, ndege ya Messerschmitt ya kuvunja rekodi, kwenye kilomita 755 kwa saa.

Udhaifu ulibaki kwenye petroli. Wajerumani walitegemea zaidi petroli ya oktani 87 (oktani ni kipimo cha jinsi petroli inavyostahimili mgandamizo bila kulipuka mapema), ambayo haistahimili mgandamizo mkubwa, kwa hiyo walitafuta nguvu kwa kuongeza ujazo: DB 601 ilikuwa na takriban lita 34, ilhali Merlin, injini ya Rolls-Royce ya Uingereza, yenye nguvu zinazokaribiana nayo, ilikuwa na lita 27.

Habari za kampuni za Hirth na Argus, zilizounda injini ndogo za ndege za mafunzo, nitakuandikia katika barua ijayo.

Wako,
Hamisi