Usikae bado, mwanangu

Mwanangu,

Dada yako alinipigia jana usiku. Anasema umemtaka anyanyue kichwa cha kitanda ukae kidogo, ule wali kama watu, naye alipokataa ukamnunia. Usimnunie, ameambiwa na masista. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu huwa unaniitikia "sawa mama" kabla sijamaliza, na barua huwezi kuikatiza.

Wewe siku ile ya upasuaji ulikuwa umelala kifudifudi, daktari mpasuaji akikuchora pajani kwa kalamu, na hukuona kitu. Mimi niliona, na nilimuuliza mpaka akacheka.

Mdomo wa kidonda chako cha chini ya kalio haukuzidi sarafu ya shilingi mia mbili. Sista alipotia kidole chenye glavu kilizama chote, akakizungusha huko ndani asiguse mwisho. Nilishtuka, maana nyumbani tulikuwa tukiosha kimdomo kile tu na kukipaka asali, tukisema kinaendelea vizuri. Daktari akanieleza kwamba mfupa wa kukalia unabana nyama kwa ndani, na ule ubao unaokalia kibandani kwako unabana kwa nje, damu inakosa njia. Nyama iliyo karibu na mfupa ndiyo inayotangulia kufa, ngozi inafuata nyuma. Siku nilipoona doa kwenye suruali yako nikifua, huko ndani kulishaoza zamani. Mtu mwingine akikaa vibaya, makalio humuuma akajisogeza bila hata kufikiri. Wewe tangu uanguke kwenye mnazi ukavunjika mgongo, habari hiyo haifiki kichwani. Unakaa na simu za watu toka asubuhi mpaka isha, na hujui.

Nikamuuliza kwa nini wasishone tu mdomo wa kidonda yakaisha. Akasema ukishona juu ya shimo, usaha unabaki ndani na mshono unaachia. Na kupandikiza ngozi nyembamba ya kuparua pajani? Ile haina nyama wala mafuta chini yake, wewe utaikalia juu ya mfupa na itachanika. Ndiyo wakachagua flapu: ngozi na mafuta na msuli wake, vyote pamoja, bila kukata mishipa inayoulisha. Ni kama mbuzi aliyefungwa kamba, unaweza kumhamishia penye majani mapya, lakini mwisho ni pale kamba inapofika. Ukiikata kamba au ukiivuta mno, hiyo nyama inakufa mahali pake papya.

Kwanza walikata kifuko chote cha kidonda pamoja na kuta zake, wakaparua ncha ya mfupa, kipande kikaenda maabara kuangaliwa kama wadudu wameingia mfupani. Kisha nyuma ya paja wakachanja umbo la V, wakaisukuma nyama yote juu kuziba shimo, na pale ilipotoka wakapafunga, mshono ukawa na umbo la Y. Ile mipira miwili iliyokuwa ikining'inia na vichupa vyake ilikuwa inanyonya damu na maji yasikusanyike chini ya flapu. Usiku wa kwanza sista alikuwa akija na tochi, anabonyeza kwa kidole, anaachia, anatazama rangi inavyorudi, kisha anaweka mgongo wa mkono kusikia joto. Ngozi zetu nyeusi hazionyeshi wekundu upesi, kwa hiyo mkono ndio unaosema kweli. Dada yako nimemwambia ajifunze hilo, na alishajua kabla yangu.

Najua ulichukia kule kusubiri kabla ya upasuaji, ukaona wanakuzungusha. Damu yako ilikuwa chini na mwili umeishiwa protini, maana kidonda kikubwa kinavuja protini kila siku. Wangekupasua vile, mshono usingeshika. Yale mayai, maharage na dagaa uliyoyalalamikia yalikuwa sehemu ya matibabu. Na sigara, baba, nimesikia umempa mtoto wa kitanda cha pili hela akakununulie. Nikotini inaibana mishipa midogo, na flapu yako inaishi kwa mishipa midogo. Sitalirudia hili.

Sasa hapo ulipo. Daktari amesema wiki sita bila kukaa. Wengine hupewa tatu au nne, wewe umepewa sita, basi ni sita. Ukikaa sasa unafanya mambo mawili kwa mpigo: unaikandamiza flapu kabla haijashikana na chini, na kwa kukunja nyonga unauvuta mshono wa nyuma ya paja. Hata kunyanyua kichwa cha kitanda tu, mwili unateleza kwenda chini huku ngozi imebaki kwenye shuka. Wakikuhamisha wakuinue, wasikuburute. Miguu ikianza kurukaruka yenyewe mwambie sista, usingoje, kuna dawa yake.

Ukimaliza hizo wiki utaanza na dakika 15. Wanakushusha, wanakagua, na kama pana joto au pagumu au rangi haijarudi baada ya nusu saa, hukai tena mpaka watakaposema. Ni polepole mno, najua. Lakini flapu haina hisia zaidi ya ile nyama ya zamani. Na nyama ya kuhamisha haiko tele. Daktari alikata kwa hesabu, ili ikibidi aweze kuisukuma hiyo hiyo mara nyingine, na nyama ya makalio ameiacha bila kuigusa. Wapo waliomrudia mpaka akakosa pa kuchukua.

Yule sista mzee alinisimulia habari za daktari mmoja, Ludwig Guttmann, Mjerumani aliyekimbilia Uingereza. Mwaka 1944 alifungua wodi ya waliovunjika migongo pale hospitali ya Stoke Mandeville, wakati watu kama wewe walikuwa wakiachwa wafe kwa vidonda na maambukizo ya mkojo. Akaamuru wageuzwe kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, na usiku alikuwa akipita mwenyewe kuhakikisha. Mwaka 1948 wagonjwa wake wakashindana kulenga mishale wakiwa kwenye viti vya magurudumu, na kutoka hapo ikazaliwa Paralimpiki, michezo ya dunia ya watu wenye ulemavu. Sikwambii ukalenge mishale. Nakwambia ukiamshwa saa nane ya usiku ugeuzwe, usimtukane mtu.

Jirani ameleta tyubu ya gurudumu la gari, anasema utakalia tundu katikati. Nimempokea kwa heshima, tyubu nimewapa watoto wakaogelee. Mpira wa duara unabana pembeni na kuikatia katikati damu. Mtaalamu wa mazoezi atakupimia mto unaofaa, na atakufundisha kuinamia mbele dakika mbili kila robo saa. Simu zako zote zina kengele, itege.

Fedha usiulize, nazi za mwaka huu zimelipa.

Fundi seremala yuko tayari kuibomoa ile benchi ya kibandani na kuinua meza ili kiti chako cha magurudumu kiingie chini yake. Anataka kimo kutoka sakafuni mpaka magotini, ukiwa kitini na mto umewekwa. Hicho kipimo kichukuliwe siku ya kwanza utakaporuhusiwa kukaa, si kabla. Nimemwambia fundi asubiri.

Mama yako