Kuhusu dawa za Mama

Dar es Salaam

Shoga yangu mpenzi,

Salamu zako Mama amezipata na anakurudishia nyingi. Kidonda cha upasuaji wa saratani ya titi kimefunga vizuri, na mpira wa kutoa maji umeshatolewa. Kinachomsumbua sasa ni mkono wa upande ule, kwa kuwa walitoa na tezi za kwapani. Kila asubuhi anasimama ukutani, anapandisha vidole kidogo kidogo huku ameuma meno, nami naweka alama ya kalamu pale alipofika. Leo ameipita ya jana.

Jumatatu tunaanza dawa za dripu pale Ocean Road, hospitali ya saratani. Wameshampima damu, moyo, ini na figo. Atakuwa anapata dozi kila baada ya wiki tatu. Dawa mojawapo ni nyekundu, na nesi ametuambia mapema kwamba hata mkojo utakuwa mwekundu siku moja mbili, tusije tukadhani ni damu. Nilimshukuru sana. Kuna ndugu waliotaka Mama afichwe, aambiwe uvimbe umeshaisha. Nilikataa katakata. Mwili ni wake. Nywele zikianza kudondoka wiki ya pili au ya tatu naye hajaambiwa kitu, si ataamini ndiyo anakufa?

Sasa yale majani ya mstafeli uliyomtumia Mama anywe. Najua umeyachuma kwa mapenzi, lakini nimeyaweka kando, naomba usinune. Daktari amesema asinywe dawa yoyote ya mitishamba bila yeye kujua, maana inaweza kugongana na dawa za hospitali, na ini na figo vitakuwa na kazi kubwa tayari.

Tunachokihitaji ni wewe mwenyewe. Njoo wiki ya kwanza, mimi nikiwa kazini awe na mtu wa kumpikia uji na kumkumbusha dawa za kichefuchefu. Wiki ya pili kinga inashuka, hatutaki wageni wengi, na mwenye mafua abaki kwake hata kama ni mjukuu. Nimenunua kipimajoto. Kikisoma 38 tunakwenda hospitali saa hiyo hiyo, hata iwe usiku wa manane. Hakuna kumpa panado na kungoja kupambazuke. Hilo nitakuelekeza vizuri ukifika.

Mama anasema ubebe ukwaju. Nijulishe basi lako linaingia saa ngapi, nije kukupokea Mbezi.

Wako akupendaye