Barua kwa Mwanangu: Bahari Isiyokupwa

Mwanangu Asha,

Assalaamu alaykum. Mie sijambo, dada yako hajambo, na mjukuu wangu anazidi kunawiri. Akilia, mie husikia sauti ya babu yako akiita watu waje kuvuta dau. Nakuandikia nimejibanza kwenye chuma cha kupashia joto nyumba, kanga mbili mwilini na koti la shemeji yako juu yake.

Arobaini ilipotimia, dada yako akaniambia, "Mama, leo twende pwani." Alikuwa amekwisha kuniona ninavyohangaika. Siku zote hizo niko ndani ya Montpellier, huku Ufaransa, nafua nguo za mtoto na kupika uji wa pilipili manga, na harufu ya bahari sijaisikia hata mara moja, ilhali bahari iko mwendo wa kilomita 20 tu. Tukamfunika mtoto, tukapanda tramu, kisha basi. Njiani kuna mabwawa ya maji chumvi, na ndani yake tuliwakuta heroe, ndege wale wa miguu mirefu wenye rangi ya waridi, wamezamisha vichwa wanatafuta chakula katika baridi ile bila wasiwasi wowote.

Mji tuliokwenda unaitwa La Grande-Motte. Sikupata kuona mji wa namna hiyo. Majumba ni meupe, yamepanda ngazi kwa ngazi kwenda juu kama vilima, maana aliyeyachora, Jean Balladur, aliwaza piramidi za kale za Mexico. Upande wa machweo majumba yamepindwa kama kombe. Ukisimama nyuma yake upepo unapungua, na dada yako anasema ndivyo yalivyokusudiwa, kwa kuwa upepo wa nchi kavu huku ni mkali na hauna adabu. Misonobari imepandwa kila njia.

Lakini watu, mwanangu, hakuna. Madirisha mia kwa mia yamefungwa, mapazia ya mbao yameteremshwa mpaka chini. Wakazi wa kudumu hawafiki 10,000, na kiangazi, Julai na Agosti, naambiwa watu hupita 100,000. Nyumba nyingi ni za watu wanaoishi kwengine, wanaokuja kuzifungua wiki chache kwa mwaka. Tulipita mbele ya duka la aiskrimu, viti vimepandishwa juu ya meza. Duka la mikate liko wazi, duka la dawa liko wazi, na wazee wawili watatu wanatembeza mbwa wao. Nikakukumbuka wewe. Januari hii kaskazi inavuma kwetu Zanzibar na hoteli unayofanyia kazi imejaa, huna hata nafasi ya kupokea simu yangu. Nao wageni wenu ndio hawa hawa waliofunga madirisha huku.

Mji huo ni mdogo kuliko mimi kwa umri. Mahali pale palikuwa na mchanga, vinamasi na mbu. Mwaka 1963 serikali ya Ufaransa iliamua kujenga miji ya mapumziko kwenye pwani hii, maana watu wake walikuwa wanapita moja kwa moja kwenda kutumia pesa zao Hispania. Kabla ya kutangaza, serikali ilikwisha kununua ardhi kimya kimya ili bei isipande. Hapo nilimwambia dada yako arudie, nimsikie vizuri. Maana kwetu nako kuna waliouza kabla hawajajua wanauza nini, na leo watoto wao wanaomba ruhusa ya kuegesha ngalawa.

Sasa nikwambie bahari yenyewe. Nilikaa juu ya mchanga kwa muda wa karibu saa tatu, nikingoja maji yatoke. Hayakutoka. Nikauliza, leo maji mafu? Dada yako akacheka mpaka mtoto akaamka. Bahari ile haikupwi, Asha. Kupwa na kujaa kwake ni kama shibiri moja, labda na vidole viwili, ambapo kwetu siku za bamvua maji hupanda na kushuka karibu pima mbili. Hakuna mwamba unaoachwa wazi kutafuta pweza, wala mahali pa mwanamke kuinama akachokoa chaza. Nilisikitika, wallahi. Nikaona pwani hiyo haina saa. Kwetu bahari ndiyo inayoniamsha, na bahari ndiyo inayoniambia nikakupikie.

Ndipo tukaona vichwa. Watu kama ishirini, wengi wao bibi wa mvi nyeupe, wamo ndani ya maji mpaka kifuani, wamevaa nguo nyeusi za mpira, wanatembea wamefuatana mstari mmoja, sambamba na ufukwe. Maji ya huku wakati huu ni ya nyuzi 12 au 13, ukitia mguu unahisi kama umeumwa. Nilidhani wamepotelewa na mtu. Kumbe ndiyo mazoezi yao, wanayaita longe-côte, kutembea ndani ya bahari kwa ajili ya afya ya viungo na moyo, na hawaachi hata kipupwe.

Walipotoka, bibi mmoja akaja kumtazama mtoto. Dada yako akamwambia kwa Kifaransa kwamba mimi mama yake kutembea baharini ndiyo kazi yangu, nalima mwani Zanzibar. Yule bibi akavua glovu zake, akanishika mikono yote miwili, akaigeuza, akavitazama viganja vyangu vilivyokatwa na kamba. Akauliza maji yananifika wapi, na nabeba uzito gani kichwani nikitoka. Akawaita wenzake. Walinizunguka, wote wanatiririka maji, na dada yako anafasiri mpaka sauti ikamkauka. Nikawaeleza jinsi kotonii, mwani ule wa bei nzuri, inavyokufa maji yakipata joto, wakasikitika kama wanaijua.

Asha, nilipokuwa katikati yao niliikumbuka siku ile ya mwaka jana. Unaijua. Nilikuwa natoka majini na gunia kichwani, kanga imenigandia, na wewe ulikuwa na wageni wawili unawaonyesha ufukwe. Mmoja akanipiga picha. Wewe ukatazama upande wa minazi. Sikukuuliza usiku ule na sikuandiki leo kukulaumu. Ulikuwa na sare mpya na kazi ya miezi miwili, nami nilikuwa nanuka mwani. Lakini iliniuma, na nimeona nikwambie, mama yangu, kwa sababu jina ulilolibeba ni la mwanamke aliyenizaa na akanifundisha kuisoma bahari, na sitaki liwe na uchungu baina yetu.

Jambo jengine. Ufukweni pale niliona magogo machache na alama za mashimo kwenye mchanga. Dada yako akasema kiangazi hapo husimama mikahawa ya mbao, na msimu ukimalizika wenyewe huvunja wakaondoa, kwa kuwa ufukwe ni wa umma. Wana sheria ya pwani ya mwaka 1986, nayo inasema kazi ya msingi ya ufukwe ni watu wautumie bure na bila kizuizi. Mtu hawezi kujenga ukuta mpaka kwenye maji. Nimefikiria njia yetu ya mwani, iliyozibwa na ukuta ule wa hoteli, tunaouzunguka nusu saa na magunia. Sheha aliahidi kikao. Wewe unajua kuongea na wakubwa wa hoteli na unajua lugha zao. Kikiitishwa kabla sijarudi, nenda ukae upande wa wanawake, useme njia ile ilikuwapo kabla yako na kabla yangu.

Na masika yakija hoteli ikafungwa, usikae ndani kama aliyefiwa. Mwaka jana ulilala wiki mbili. Najua miezi ile haina mshahara na najua unaona kama mtu aliyetupwa mpaka wageni warudi. Njoo nami majini. Hulazimiki kulima, kaa tu kwenye mchanga unisomee ujumbe wa dada yako.

Bamvua lijalo litanikuta bado huku. Mwambie shangazi yako aangalie vigingi vya upande wa kusini, viwili vimelegea, na kamba mpya ziko chini ya kitanda, nimezifunga kwa kitambaa chekundu. Nimemwekea mfuko wa mchanga wa huku auone. Ni wa rangi ya kahawia, haufanani na wetu.

Mama yako