Harambee ya Kambi ya Maigizo ya Agosti, Likoni: Tumebakisha Shilingi 282,000

Ndugu, wazazi na marafiki wa kikundi chetu, hamjambo. Wa asalaam aleikum tunawasalimu, wa Bwana asifiwe tunawasalimu.

Mwaka jana majira kama haya tuliwabishia hodi tukiomba msaada wa kumpeleka binti yetu London, wiki nne za mafunzo ya uigizaji ya kiangazi. Mlitoa. Kuna waliotoa elfu kumi, na kuna mama mmoja pale kituoni aliyetoa hamsini ya chapati akasema, "Mwambie atuletee baridi kidogo." Baridi hakuleta, lakini alirudi salama na sasa yuko mwaka wa pili chuo kikuu. Kabla sijaomba tena, acheni nitoe hesabu ya kile mlichonunua.

Makaratasi ya safari yalichelewa, akafika siku mbili baada ya wenzake kuanza. Darasa lilikuwa saa tatu asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni. Jua la Julai kule linazama saa tatu na kitu usiku, kwa hiyo hata swala zake zilimchanganya wiki nzima ya kwanza. Ijumaa akanipigia simu, sauti ya mtu aliyetoka kulia. "Mwalimu, mmenichangia laki sita nije nilale sakafuni." Maana ndicho walichokuwa wakifanya: chali, magoti juu, kiganja tumboni, wanasikiliza pumzi inavyoingia na kutoka. Hakuna mchezo wala mavazi, na hakuna aliyepewa hata mstari mmoja wa kukariri. Nilimwambia avumilie. Kusema kweli hata mimi nilianza kuwa na wasiwasi, nikijiuliza nitawaambia nini.

Wiki ya pili kila mmoja aliambiwa aghani kitu anachokijua kwa moyo, kwa lugha ya kwao. Yeye akatoa beti za Utenzi wa Mwana Kupona, ule ambao mama wa visiwa vya Lamu alimtungia binti yake mwaka 1858. Alifundishwa na nyanya yake akisukwa nywele barazani, hapa hapa Likoni. Alipofika ubeti wa tatu mwalimu wa sauti akamsimamisha. Kiswahili hajui hata neno. Akamwambia arudie, kisha akamuuliza: "Nani alikufundisha kupumua hapo?"

Hakuna aliyemfundisha. Kila kipande cha utenzi kina mizani nane, yaani silabi nane, na pumzi yake ilikuwa imezoea kukata pale inapotimia nane tangu ana miaka sita. Baadaye walipopewa mistari ya Shakespeare, ambayo kwa kawaida huenda kwa silabi kumi na mapigo matano, wenzake walihangaika kuhesabu kwa vidole. Yeye alikuwa ameongezewa mizani mbili tu. Anasema siku ile ndipo alipoacha kujiona mgeni aliyepewa nafasi kwa huruma.

Kuna jioni moja walipelekwa kutazama mchezo Globe, ukumbi wa kando ya mto Thames uliofunguliwa mwaka 1997 kwa kuiga ule wa zamani wa Shakespeare, ulioteketea mwaka 1613 baada ya mzinga uliofyatuliwa ndani ya mchezo kushika paa. Walinunua tiketi za bei ya chini, za kusimama uwanjani mbele ya jukwaa. Akainua macho, akaona paa limeezekwa kwa matete. Kidogo adhani yuko kwetu chini ya makuti. Na jukwaa lile lile, mwaka 2012, waigizaji kutoka Kenya walicheza kwa Kiswahili, "Wanawake wa Heri wa Winsa", katika tamasha la michezo 37 ya Shakespeare kwa lugha 37. Alinitumia picha ya mbao za jukwaa, akaandika chini yake: "Kiswahili kimeshapita hapa, Mwalimu."

Sasa nije kwangu, kwa sababu ombi la mwaka huu limetokana na aibu yangu.

Jumamosi ya kwanza baada ya kurudi, alikuja mazoezini akaketi nyuma. Mimi nilikuwa mbele nafanya nilivyozoea: "Toa sauti! Wa nyuma hawasikii!" Kijana aliyekuwa akiigiza baba aliyefiwa alikuwa amesimamisha mishipa ya shingo mpaka unaweza kuihesabu. Binti akangoja nimalize. Akaniomba ruhusa kwa adabu zake, akamlaza yule kijana kwenye saruji ya ukumbi, akamwekea mkono kwenye mbavu. Dakika ishirini nzima, wengine wakicheka. Kisha akamsimamisha, akamwambia aseme maneno yale yale, lakini amwambie mtu mmoja tu. Kijana akayasema polepole, chini kuliko mwanzo. Mzee wa kahawa, ambaye hukaa nje ya mlango na hajawahi kujali maigizo yetu, akageuka na kikombe mkononi kuangalia nani amefiwa.

Miaka kumi na moja nimekuwa nikiwafundisha watoto wenu kupiga kelele. Nami sikujifunza hewani. Wengi wetu tumelelewa na mashindano ya maigizo ya shule, yaliyoanza nchini mwaka 1959, na pale ukumbi huwa mkubwa, jaji yuko mbali, na anayesikika ndiye anayekumbukwa. Tulipata vikombe. Vipo kabatini, mje muvione. Lakini vijana wetu walikuwa wakitoka jukwaani wamekauka koo, na wawili watatu waliacha kabisa.

Niliketi na binti nikamuuliza tufanye nini. Tumpeleke mwingine London? Akakataa. Akasema walichomfundisha hakina mashine. Kinataka sakafu safi, siku zinazofuatana, na mtu mwenye sikio. Hapo kwenye siku zinazofuatana ndipo penye tatizo letu. Saa mbili za Jumamosi hazitoshi, maana sauti ni misuli, na kufikia Jumamosi inayofuata mwili umeshasahau.

Kwa hiyo tunaomba mtusaidie kuweka kambi ya wiki tatu hapa hapa, likizo ya Agosti, Jumatatu hadi Jumamosi, siku 18, kwa vijana 24 wa miaka 14 hadi 20. Laki sita zilimsomesha mmoja, na hatujutii hata senti. Laki nne zitawasomesha hawa wote.

Fedha zenyewe zinakwenda hivi. Chakula ndicho kinachokula zaidi: chai na mahamri asubuhi, wali na maharagwe mchana, shilingi 350 kwa kichwa kwa siku, vichwa 28 pamoja na walimu na wapishi, jumla 176,400. Walimu wawili wanatoka Nairobi, mmoja wa sauti na mmoja wa mwili na mwendo. Wamekubali 60,000 kila mmoja, na anayejua bei za kazi hii atakubali kwamba wametuhurumia. Treni yao kwenda na kurudi ni 6,000, na watalala kwa wazazi waliojitolea vyumba. Ukumbi ni 2,000 kwa siku, 36,000. Mikeka 24 ni 14,400. Ukiwa na mkeka mzima nyumbani tuletee, tutapunguza 600 hapo. Binti yetu atafundisha siku zote na alisema hataki kitu, ila kamati imemwandikia 30,000 na hilo halina mjadala. Zinabaki 17,200 za dawa na dharura, na ndiyo, nakiri, zimepangwa hivyo ili hesabu ikae laki nne kamili.

Wanakikundi na wazazi wameshatoa 118,000. Zimebaki 282,000. Ukitaka kumlisha kijana mmoja kambi nzima, ni 6,300. Ukiwa na mia mbili, mia mbili ina kazi yake.

Kazi kubwa ya wiki ya tatu itakuwa vipande vya Juliasi Kaizari, mchezo wa Shakespeare kwa tafsiri ya Mwalimu Nyerere, aliyoitoa kwa mara ya kwanza mwaka 1963 akiwa Rais. Nimeichagua kwa sababu ina hotuba ndefu, na hotuba ndefu humfichua asiyejua kupumua. Nami nitalala sakafuni pamoja nao.

Kwa wazazi wa mabinti walioniuliza: tunafunga saa kumi kamili alasiri, ili wanaorudi ng'ambo wavuke feri kabla ya msongamano wa jioni. Mama wawili wa kamati watakuwepo kila siku. Nguo kuukuu za maigizo tafadhali msilete tena, stoo imejaa.

Harambee ni Jumamosi tarehe 18 Julai, saa nane mchana, ukumbini kwetu. Namba ya Paybill imeandikwa kwenye kadi ya mchango mliyopewa. Kwenye akaunti andika jina lako, ili risiti ikufuate. Vijana wataigiza kipande kifupi, bila vipaza sauti, mtupime wenyewe mkiwa viti vya nyuma. Baadaye kutakuwa na mnada. Keki tunazo tatu, na bibi mmoja ametoa jogoo. Atakayemshinda jogoo tunamwomba amchukue siku hiyo hiyo, kwa sababu wa mwaka jana alilala ofisini na daftari la risiti.

Wenu,
Mwalimu mlezi, kwa niaba ya kamati