Mdogo wangu, kuhusu kile kikao

Mdogo wangu,

Umenibloku WhatsApp, nikipiga hupokei, na kwenye arobaini ya bibi ulinipita umebeba sinia la pilau hata salamu hukunipa. Basi naandika hapa, najua huwa unasoma.

Mama mdogo kanambia ulivyosema, eti dada aliniona nazama akageuza uso. Imeniuma kwasababu ni kweli, na kwasababu sio yote.

Kile kikao sijakisahau hata siku moja. Mfumo wa malipo umelala tangu Ijumaa, wewe umekesha nao, saa tisa usiku ukanipigia unacheka, dada nimeipata, ni mistari miwili tu ilikua inagongana kwenye databesi. Jumatatu bosi anasimama anawashukuru vijana, anamtaja yule kaka ambae wikendi nzima alikua kwenye harusi, alafu anakugeukia wewe anakwambia uandike muhtasari wa kikao na uwaangalizie wenzio chai. Ukaniangalia. Mimi nikainamia simu. Ukaenda kuchukua chupa ya chai, nasikia mpaka leo ulivyokua unapanga vikombe taratibu kabisa, kimoja kimoja.

Nilikua nimebakiza mwezi mmoja probesheni iishe, mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita, mtoto hajalipiwa ada. Na wanawake idara nzima tulikua wawili, ningefungua mdomo wangesema ndugu wanabebana. Ungekua wewe ungefanyaje?

Najua, wewe ungeongea.

Kinachonichoma zaidi ni kwamba wewe ndo ulinisimulia, tumelala kwa bibi umeme umekatika, habari za wale wadada sita walioiandikia programu ENIAC, moja ya kompyuta za mwanzo za kielektroniki, Philadelphia, 1946. Jean Jennings na Betty Snyder walihangaika na ile programu ya kukokotoa njia ya kombora mpaka usiku wa kuamkia maonyesho, mashine ikafanya kazi vizuri watu wakashangaa, jioni wakubwa wakaenda kula dina ya kusherehekea na wale wadada hawakualikwa, wakarudi zao makwao na baridi ya Februari. Miaka kama arobaini badae mtu anauliza hawa wanawake kwenye picha ni kina nani, anajibiwa ni mamodo tu waliwekwa wapendezeshe mashine. Ulikua unaongea unalia. Ukanambia na Marekani mwaka 1984 wanawake walifika kama asilimia 37 ya wanaohitimu digrii za kompyuta, alafu wakaporomoka mpaka chini ya 20, na sababu mojawapo kompyuta za nyumbani zilitangazwa kama vitu vya watoto wa kiume. Tukaikumbuka ya mjomba, iliyokaa chumba cha kina kaka, sisi tunaigusa wakienda mpirani, tena na mikono inanuka vitunguu.

Lakini na wewe mdogo wangu! Nilikwambia vumilia miaka miwili, ukishapanda cheo ndo useme. Mimi nimevumilia, leo naongoza timu, nimeajiri mabinti watatu, na kwangu hakuna binti anaetumwa chai kikaoni. Ungebaki ningekuvuta. Ukaandika barua ya kuacha kazi bila kunishirikisha, na wiki ileile nikawasikia kwenye korido wanasema si mnaona, wanawake hawadumu. Nani aliachiwa kuyasikia hayo? Mimi.

Duka lako la vitenge nimeliona kwenye picha, limependeza sana, mashallah.

Ila kule msibani, niliposema mbele ya mashangazi kwamba kazi ilikushinda, pale nilikosa. Haikukushinda. Walikua wanauliza kwanini uliacha, na nikawaza nikisema ukweli swali linalofata ni mimi nilikua wapi.

Mwanangu kachaguliwa PCM, anataka kujifunza kuandika programu likizo hii. Nimemwambia nitamfundisha, akasema hapana, anamtaka mama mdogo. Jumamosi atakuja dukani kwako na daladala ya asubuhi. Mimi ntabaki nyumbani, usiogope.