Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mwaka Mzima na Hieronimo

Ndugu wanachama,

Mwaka tuliuanza na The Spanish Tragedy, tamthilia ya Mwingereza Thomas Kyd, tukaumaliza nayo. Waliotaka tusome tamthilia mbili wanisamehe. Mzee Hieronimo, hakimu wa Uhispania anayeuliwa mwanawe kisha akakosa haki kwa mfalme anayemtumikia, hakutuachia nafasi.

Mvutano mkubwa ulikuwa juu ya matini. Toleo kongwe tulilonalo hukadiriwa kuwa la 1592. Lile la 1602 lina nyongeza tano, kama mistari 320. Daftari la Philip Henslowe, mwenye jumba la maigizo la London, linaonyesha mwandishi wa tamthilia Ben Jonson alilipwa kwa kazi ya nyongeza, lakini wahakiki wengi wa leo, kwa kulinganisha misamiati na tahajia, wanaona mkono wa Shakespeare. Tulipiga kura, likashinda la 1592. Mimi nilikuwa upande wa walioshindwa, na bado namlilia yule mchoraji wa kwenye nyongeza, mfiwa mwenzake Hieronimo, anayeombwa achore kilio.

Mzozo wa pili ulikuwa wa ngeli katika tafsiri yetu ya Kiswahili. Kisasi ni mhusika: anakaa jukwaani na mzimu wa Andrea, Mhispania aliyeuawa vitani, na katikati ya mambo anasinzia. Je, “kimelala” au “amelala”? Mazoezi mawili yaliishia hapo. Tumekubaliana “amelala”, maana anayeweza kuamshwa na kugombezwa si kitu.

Kilichonifurahisha zaidi ni mchezo ndani ya mchezo, ule ambao Hieronimo anauandaa ili alipe kisasi. Hieronimo anawagawia waigizaji Kilatini, Kigiriki, Kiitaliano na Kifaransa, ingawa kitabu kinautoa kwa Kiingereza ili msomaji aelewe. Sisi tuliweka Kisukuma, Kihaya, Kinyakyusa na Kimakonde. Baadhi yenu mlilalamika kwamba hamkuelewa kitu. Ndivyo ilivyo kwa wakuu wa jumba la mfalme: wanasifu uigizaji, kumbe watu wanachomwa visu kwelikweli mbele yao. Kosa letu lilikuwa kurefusha; onyesho lijalo tutaipunguza sehemu hiyo kwa nusu.

Ukumbi tulinyang'anywa mara mbili dakika za mwisho, tukafanyia mazoezi uani. Habari za fedha atazisoma mhazini.

Wenye nakala za mswada wazirudishe kwa katibu kabla ya uchaguzi, hasa zenye maandishi ya penseli pembeni. Humo ndimo yalimo masahihisho yote ya tafsiri, na hatuna nakala nyingine.

Mwenyekiti